Kutoka kwenye nyumba ya mateso: njia za kisheria za kijana kupata mlezi mwingine

Chukua mfano huu. Binti wa miaka 15 anakimbilia kwa shangazi yake Ijumaa usiku. Mgongoni ana begi la shule, mkononi sare iliyokunjwa ndani ya mfuko. Shangazi anampokea, anamtandikia, anamwambia, "Mwanangu, hapa ni kwako." Jumatatu asubuhi baba anafika shuleni kumdai mtoto wake. Mwalimu mkuu hana karatasi yoyote inayomkataza, kwa hiyo anamwita binti kutoka darasani na kumkabidhi. Shangazi anapofika mbio saa saba mchana, anaulizwa swali moja tu: wewe ni nani wake kisheria?

Mwongozo huu wote unahusu swali hilo. Kuondoka kwenye nyumba unayoteswa ni jambo moja, na kupata mlezi ni jambo jingine. La kwanza linaweza kufanyika kwa dakika kumi. La pili linataka karatasi yenye muhuri, na karatasi hiyo haiandikwi na shangazi wala na wewe. Inatoka mahakamani, au kwa afisa wa ustawi wa jamii anayetumia mamlaka aliyopewa na sheria.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi, na majina ya ofisi pia. Mifupa yake lakini inafanana, kwa sababu nyingi zimejengwa juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi zote wanachama wa umoja huo zimeuridhia isipokuwa Marekani. Kwa mkataba huo, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, labda sheria ya nchi yake iwe inamhesabu mtu mzima mapema zaidi. Kama huna kumbukumbu ya mambo mengi, shika vifungu viwili. Cha 20 kinasema mtoto ambaye kwa manufaa yake hawezi kuachwa katika familia yake ana haki ya kulindwa na serikali na kupewa malezi mbadala. Cha 12 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kusikilizwa katika shauri lolote linalomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 nao unatoa ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo ukienda kuomba mlezi hujavunja adabu. Unadai kitu ambacho nchi yako, kwa uwezekano mkubwa, ilishatia saini.

Kama hatari ni ya leo

Ruka mengine yote. Toka uende penye watu: kwa jirani, zahanati, kituo cha polisi, nyumba ya ibada iliyo wazi. Piga namba ya simu ya watoto. Kenya, Tanzania na Uganda ni 116, bila malipo. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 116111, India 1098. Kama simu unayotumia inashikwa na watu wengine nyumbani, futa namba uliyopiga na ukurasa huu pia.

Kama umebakwa au umeingiliwa kwa namna yoyote, hospitali ndiyo ya kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kufanya kazi hadi siku 5, lakini nazo ni bora mapema. Najua hamu ya kwanza ni kuoga. Ukiweza, usioge na usifue nguo ulizovaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kama umeshaoga, nenda hivyo hivyo. Mwambie muuguzi kwanza unahitaji matibabu. Fomu ya polisi (Tanzania huitwa PF3, Kenya P3) ni muhimu kwa kesi, ila wewe kama mgonjwa hufai kukaa kwenye benchi ukiisubiri huku saa zinakwenda.

Hatua ya kwanza: mtu mzima mmoja, na maneno yaliyonyooka

Karibu kila shauri la aina hii lililofika mbali lilianza na mtu mzima mmoja aliyeamini. Mwalimu, muuguzi, kiongozi wa dini, mama mdogo, mzazi wa rafiki. Shida ni kwamba vijana wengi humwendea mtu huyo na kusema, "Nyumbani kuna matatizo." Jibu la sentensi hiyo linajulikana: vumilia, hao ni wazazi wako, nyumba zote zina mambo yake. Aliyejibu hivyo pengine si mtu mbaya. Hakuelewa tu ameambiwa nini.

Sema hivi badala yake: "Baba wa kambo alinipiga kwa waya Jumanne na jana. Nina alama mguuni. Naogopa kurudi leo. Nataka unisaidie kutoa taarifa." Sentensi nne zenye siku, kitu kilichotumika, alama na ombi. Mtu aliyesikia hayo hawezi kujidai hakuelewa. Kama mateso yako hayaachi alama, kwa mfano unanyimwa chakula, unafungiwa, unazuiwa kwenda shule au unatukanwa kila siku kwa maneno ya kukuvunja, yataje kwa mtindo huo huo, kwa siku na kwa maneno yaliyotumika.

Usimtake akuahidi siri. Katika nchi nyingi mwalimu na mhudumu wa afya wanabanwa na sheria kutoa taarifa wakijua mtoto anateswa, na Tanzania wajibu huo umewekwa kwa mwanajamii yeyote mwenye taarifa. Akikuambia "lazima niripoti", hajakusaliti. Anayekusaliti ni yule anayempigia mzazi simu "ili mkae mzungumze" kabla wewe hujawa mahali salama. Ukiona mtu anaelekea huko, mkatishe na utafute wa pili. Utaambiwa pia kwamba unaanika siri za ndani. Siri ya ndani ni mzee kukoroma usiku. Kumchoma mtoto kwa pasi ni kosa la jinai.

Hatua ya pili: andika

Daftari la hesabu, kurasa za nyuma, panatosha. Mfano wa namna ya kuandika:

"Jumatano, saa 2 usiku. Mjomba alikuja amelewa. Alinipiga kofi mara tatu sikio la kushoto kwa sababu maji hayakuwa yamechemka. Mdogo wangu aliona. Asubuhi sikio lilikuwa linavuma, mwalimu wa zamu aliuliza, nikamwambia nimeanguka."

Ona lilivyo kavu. Halina "ananichukia" wala "ni shetani". Lina saa, idadi, sikio gani, nani aliona, hata uongo uliomwambia mwalimu. Huo uongo usiuache, kwa sababu siku ya shauri wakili wa upande wa pili anaweza kuuleta, na ni bora uwe ulishauandika mwenyewe. Daftari likae shuleni au kwa yule mtu wako mzima, lisikae chini ya godoro.

Picha za majeraha piga mbili: moja ya karibu, moja inayoonyesha sura yako pamoja na jeraha. Mtumie mtu wako kisha ufute kwenye simu. Ukipata nafasi salama, piga picha pia cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti za shule. Nakala inatosha kuanzia. Usihatarishe mwili wako kwa ajili ya kabati lililofungwa.

Hatua ya tatu: taarifa rasmi, na majina mkononi

Pa kwenda ni ofisi ya ustawi wa jamii au afisa wa watoto wa eneo lako, au polisi, hasa kwenye dawati linaloshughulikia jinsia na watoto kama lipo. Omba kuhojiwa bila mzazi kuwepo. Kabla hujaondoka, omba namba ya shauri na jina la aliyekuhudumia. Vitu hivi viwili ndivyo vitakavyokuwezesha kurudi wiki ijayo na kuuliza "shauri langu namba fulani limefikia wapi", badala ya kusimulia upya kila kitu kwa mtu mpya.

Hapa ndipo vijana wengi hupoteza nafasi. Wanaeleza mateso vizuri, kisha afisa anauliza, "Sasa unataka kwenda wapi?" wanakaa kimya. Afisa asiye na jina la mtu anabakiwa na njia mbili: makao ya watoto, au kurudishwa nyumbani "tukifuatilia". Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala unataka ndugu na watu wa karibu watazamwe mapema, na makao yabaki kwa wale ambao kweli ndiko kunakowafaa. Afisa anayejua kazi yake atafurahi ukimletea majina.

Nenda na mawili au matatu. Mtu anayefaa ni mtu mzima asiye na rekodi ya kuumiza watoto, mwenye pa kukulaza, na ikiwezekana asiyeishi mbali na shule yako. Lakini kuna sifa moja ninayoiweka juu ya hizo zote: asiwe anamwogopa anayekutesa. Bibi mwenye upendo tele anayetetemeka mwanawe akipaza sauti atakurudisha kwa machozi, lakini atakurudisha. Mwulize kabla: "Wakikuita mahakamani kusema mbele yake, utakwenda?"

Jihadhari na anayekupokea haraka mno. Mtu usiyemjua vizuri anayekupa chumba ili "umsaidie kazi ndogo ndogo", au anayekuambia usimwambie mtu uko wapi, anakutafutia utumwa mwingine. Na kuolewa si ulezi. Mkataba wa Afrika niliotaja unapiga marufuku ndoa za watoto na kuzitaka nchi ziweke miaka 18 kuwa umri wa chini. Mume hana wajibu wa mlezi mbele ya mahakama ya watoto, na hakuna afisa anayekuja kukagua kama anakutunza.

Hatua ya nne: njia ipi?

Anza na swali ambalo halijulikani kuwa lipo: kwa nini uondoke wewe? Nchi nyingi zina amri ya mahakama inayomtoa mtesaji nyumbani au kumkataza kukukaribia. Kama mama yako ni mzima na mtesi ni mume wake, na mama yuko tayari kusimama nawe, amri hiyo inakuacha kwenye kitanda chako na shule yako. Udhaifu wake ni mama mwenyewe. Akimfungulia mlango usiku wa tatu, karatasi inabaki karatasi.

Njia ya pili ni mzazi mwingine. Wazazi walioachana wakiwa na ugomvi, huyo wa mbali anaweza kuomba mahakama impe uangalizi wako. Mara nyingi hii ni rahisi kuliko kumleta mtu wa nje, kwa kuwa yeye tayari ana haki ya mzazi.

Kisha kuna kuwekwa kwa muda. Afisa au mahakama inakukabidhi kwa ndugu, kwa familia ya malezi ya kambo iliyosajiliwa, au kwenye nyumba salama, huku uchunguzi ukiendelea. Inaweza kutokea siku hiyo hiyo. Ni ya muda kweli, kwa hiyo uliza tarehe ya kwenda mahakamani na uiandike.

Ulezi wenyewe, ambao ndio wengi wanaoutafuta, ni amri ya mahakama inayompa mtu fulani mamlaka ya kukutunza na kukuamulia mambo: shule, matibabu, mahali pa kuishi. Wazazi hawafutwi kuwa wazazi. Jina lako halibadiliki na haki yako ya urithi haiguswi. Kwa kawaida anayeomba ni mtu mzima anayetaka kuwa mlezi, lakini sehemu nyingine kijana mwenyewe anaweza kufungua mlango. California, kwa mfano, kijana wa miaka 12 au zaidi anaweza kuwasilisha ombi la kuwekewa mlezi. Uingereza, mahakama inaweza kumruhusu mtoto aombe amri kuhusu anakoishi, ikiridhika kwamba ana ufahamu wa kutosha. Uliza msaada wa kisheria wa bure kuhusu nchi yako kwa swali hili hasa: "Je, naweza kuomba mwenyewe, na nikiwa na umri gani?"

Usichanganye ulezi na barua ya makubaliano. Mzazi anaweza kukubali kuandika kwamba unaishi kwa mama mdogo, hata mbele ya wakili. Barua hiyo husaidia shuleni na hospitalini, lakini aliyeiandika anaweza kuitengua kesho akikasirika. Ichukue kama daraja la miezi michache.

Kwa familia za Kiislamu kuna kafala, ambayo mkataba wa 1989 unaitaja kwa jina katika kifungu cha 20: mtoto analelewa na kutunzwa bila kubadilishiwa nasaba. Kuasili ni kinyume chake. Kunakata uhusiano wa kisheria na wazazi wa awali na kuunda mpya, na kwa sheria nyingi mambo ya urithi huhama pia. Ni safari ndefu, na kwa kijana wa miaka 16 mara nyingi miaka 18 inafika kabla karatasi hazijakamilika.

Mwisho kuna kile unachokiona kwenye filamu za Marekani, kijana kutangazwa na mahakama kuwa anajitegemea. Kipo, lakini katika nchi chache. California umri wa chini ni miaka 14, na lazima uwe tayari unaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao au bila wao kupinga, na unaendesha fedha zako mwenyewe kutokana na kipato halali. Soma masharti hayo tena. Kijana anayepigwa na kunyimwa chakula ni nadra sana kuyatimiza.

Hatua ya tano: mahakamani

Hofu kubwa ni hii: "Polisi hawajamkamata, kwa hiyo sina kesi." Si kweli. Kesi ya jinai inataka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka. Shauri la ulezi ni la madai, na katika nchi nyingi linatosha kuonyesha kwamba yaliyosemwa yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mtesi anaweza kuachiwa kwenye jinai na bado mahakama ya watoto ikaamua usirudi kwake. Swali la hakimu ni lipi lina manufaa kwako, wala si nani aadhibiwe.

Anayeomba ulezi hujaza fomu na hati ya kiapo, huambatisha cheti chako cha kuzaliwa na vitambulisho vyake. Wazazi hupewa taarifa, jambo linalowatisha vijana wengi, kwa hiyo mwambie afisa mapema kama anwani unayoishi inapaswa kufichwa kwenye nyaraka. Afisa wa ustawi atatembelea nyumba unayotaka kwenda, ataangalia unalala wapi, atawauliza majirani, kisha ataandika ripoti. Ripoti hiyo ina uzito mkubwa. Mlezi wako mtarajiwa asimpambie nyumba siku moja. Amwonyeshe tu godoro lako liko wapi na nani analipa ada.

Mashauri ya watoto kwa kawaida husikilizwa faragha, na mara nyingi hakimu anaweza kuzungumza nawe ofisini kwake bila wazazi. Kama hutaki kusema mbele yao, omba hilo mapema. Utaulizwa mambo ya kawaida: unaamka saa ngapi, nani anakupikia, ukiumwa unamwambia nani, wadogo zako wako wapi. Ukiulizwa kama unampenda baba yako na unampenda, sema ndiyo. Mahakimu wameshaona watoto wengi wanaowapenda watu wanaowapiga, na jibu la kweli linaufanya ushahidi wako mwingine uaminike. Usiongeze chumvi. Kofi tatu zibaki tatu.

Kama una wadogo waliobaki, taja majina na umri wao hata kama hukuulizwa. Shauri lako linaweza kuwa mlango wao.

Ombi likikataliwa, omba uamuzi kwa maandishi na uulize siku za kukata rufaa. Huwa chache. Tukio jipya likitokea, litolewe taarifa upya. Kukataliwa mara moja hakufungi faili milele.

Hatua ya sita: baada ya amri

Chukueni nakala zenye muhuri zaidi ya moja. Moja ipelekwe shuleni siku hiyo hiyo na kukabidhiwa kwa mwalimu mkuu mkononi, pamoja na orodha fupi ya nani anaruhusiwa kukuchukua na nani haruhusiwi. Nyingine iende kituo cha afya unachotibiwa.

Wajibu wa mzazi kuchangia matunzo yako kwa kawaida hauishi kwa sababu mlezi amepatikana. Mlezi anaweza kuomba amri ya matunzo kwenye mahakama hiyo hiyo, na wengi hawaombi kwa aibu. Kuhusu kuonana na wazazi, mahakama inaweza kuweka ratiba, mahali na msimamizi. Ukiona mikutano hiyo inakurudisha kwenye hofu, mwambie afisa. Amri hubadilishwa.

Na mambo mapya yakigeuka mabaya, yaani mlezi naye akaanza mkono, una haki ile ile ya kurudi kwa afisa. Malezi mbadala yanapaswa kukaguliwa mara kwa mara, na hicho ni kifungu cha 25 cha mkataba wa 1989.

Ulezi kwa kawaida hukoma ukifika miaka 18. Miezi sita kabla ya siku hiyo, kaeni na mlezi na afisa mhakikishe una cheti cha kuzaliwa halisi, si nakala, matokeo yako ya mitihani, na ombi la kitambulisho cha taifa lililoanza. Kama cheti halisi kimezuiliwa na wazazi, ofisi ya usajili wa vizazi inaweza kutoa kingine, na maombi hayo ni mepesi mlezi akiwa bado ana amri mkononi.